Hilda Fereday Mbele ya Kitambaa cha Kijani

Hilda Fereday alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi chake, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya mfereji wa mashua bila kupazwa, na sisi wanaume wa Klabu ya Sarafu ya Tipton tulimjua kwa miaka saba kama mtu wa chai. Naona haya kuandika hivyo, lakini mimi Clive Hingley ndiye katibu, na katibu akianza kuficha mambo, kumbukumbu za klabu zitabaki uongo mtupu. Kila Jumamosi saa nane mchana tulikutana katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa la Wamethodisti, tukafungua visanduku vyetu na kuinamia sarafu kama kuku wanaodonoa, na Hilda akapita katikati yetu na sinia la vikombe na biskuti. Alipopita alitupa jicho mezani. Hakuna aliyejiuliza jicho lile lilikuwa linaona nini.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kupoteza Jumamosi zake kwa mambo haya. Sarafu ni za namna mbili. Kuna za kawaida, zinazogongwa mara moja, harakaharaka, zikamiminwa kwenye gunia pamoja na wenzao maelfu, zikaenda kununua mkate. Na kuna za prufu, ambazo hutengenezwa ili zitazamwe tu. Muhuri wa chuma unaozigonga husuguliwa mpaka uwe kioo, kipande cha madini nacho husuguliwa, kisha hugongwa zaidi ya mara moja, taratibu, na mtu akaitoa kwa mkono kwa kuishika ubavuni. Ikiwa bado imo ndani ya kasha lake, hata mke wangu Beryl anaweza kukuambia ipi ni ipi, na Beryl hajali hata kidogo. Taabu huanza sarafu ikishatoka kwenye kasha. Prufu huanguka, hurithiwa, hutumika dukani na mjukuu asiyejua kitu, hulala kwenye kopo la tumbaku nusu karne. Na ile ya kawaida, ikiwa ni ya kwanzakwanza kutoka kwenye muhuri mpya, hung'aa kilaghai mpaka ukaapa kwamba ni prufu. Nimewaona watu wazima wakinuniana miaka kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana klabu yetu ina mwamuzi. Kwa miaka ishirini na miwili mwamuzi alikuwa Mzee Horace Bayliss, fundi saa aliyestaafu, mrefu, mkavu, mwenye kiti chake cha mikono karibu na dirisha. Ulimpelekea sarafu yako, akaitazama, akasema "prufu" au "kawaida", na mjadala ukafa hapohapo. Aliwahi kukosana na ndugu yake wa tumbo moja kwa ajili ya shilingi, wakakaa miaka kumi na moja bila salamu. Majira ya kuchipua ya mwaka 1983, akiwa na miaka themanini na minne, alitutangazia kwamba anakiachia kiti.

Sasa nimrudie Hilda. Alizaliwa hapahapa Tipton, baba yake mhunzi wa minyororo, na alipotimiza miaka kumi na minne alipanda treni pale Dudley Port akaenda Birmingham kuanza kazi katika kiwanda cha sarafu. Walimweka kwenye chumba cha wanawake wanaosugua mihuri. Kazi yenyewe ilikuwa kijiti cha mti mgumu, kipande cha sufu na rojo la unga wa almasi, na mgongo uliopinda kutwa nzima juu ya chuma kisichozidi upana wa kikombe. Ulisugua uwanda tu, ile sehemu tupu inayozunguka kichwa cha mfalme. Mkono ukiteleza ukaigusa pua ya mfalme, muhuri umeharibika na wiki yako imeharibika pamoja nao.

Muhuri ukikamilika ulipitishwa kwenye kidirisha cha ukutani, na basi, haukurudi tena. Upande wa pili waligonga wanaume, wakakagua wanaume, wakafunga makasha wanaume. Kiwanda kile kiligonga sarafu za nchi nyingi, hata shilingi zenye simba zilizopakiwa kwenda Mombasa, na Hilda alizisugulia mihuri kwa miaka thelathini na minane, ukiondoa ile aliyokaa nyumbani kumlea binti yake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kushika mkononi hata sarafu moja iliyotokana na kazi yake. Mihuri aliijua kama vidole vyake. Ilichozaa hakukijua.

Marehemu mumewe Wilf ndiye aliyekuwa mwanachama wetu. Alipofariki mwaka 1976, Hilda alituletea trei zake za sarafu tuziuze, na akiwa anapita mezani alisimama mbele ya prufu moja ya kisiwa cha mbali, akaiinamia, akasema kwa mshangao, "Hii ni kazi yangu." Mtu mmoja alicheka akamwambia, basi mama, kama una kazi nzuri hivyo tupikie na chai. Wengine wakacheka naye. Hilda naye akacheka, akaingia jikoni akawasha birika, na kila Jumamosi akawa anarudi. Yule mtu nilikuwa mimi.

Namna yetu ya kumpata mwamuzi ni ya tangu klabu ilipoanzishwa, na aliyeibuni hajulikani. Kitambaa cha kijani, kilichokatwa kwenye meza kuukuu ya biliadi, hutandikwa mbele ya dirisha la magharibi. Katibu hukusanya sarafu kumi na mbili kwa wanachama, tupu kabisa, bila kasha wala karatasi. Huandika orodha ya siri ya ipi ni prufu na ipi ni kawaida, kwa kufuata hukumu alizokwisha kutoa mwamuzi anayeondoka. Anayetaka kiti huketi bila taa na bila kioo cha kukuzia. Prufu huziweka kushoto, za kawaida kulia, na akishaiachia sarafu haruhusiwi kuigusa tena. Akikosea hata moja, ameanguka. Wakianguka wote, kamati humteua inayemtaka.

Mzee Bayliss alipouliza nani atakaa mbele ya kitambaa, Royston Fereday alisimama kabla swali halijaisha. Royston alikuwa mdogo wake Wilf, mkaguzi wa mabasi aliyestaafu, mcheshi, mwenye shati jeupe na taa kubwa ya mezani aliyoibeba kila aendako, na vitabu vya bei za sarafu vya kujaza kabati. Kamati nzima ilikunywa bia baa moja na yeye. Tulijua sote kwamba hata akianguka, kiti ni chake. Tukataka kupiga makofi tuendelee na mambo mengine, ndipo sauti ikatoka jikoni.

"Na mimi," alisema Hilda, kitambaa cha vyombo begani.

Royston aligeuka na kutabasamu, maana hao wawili utani wao ulikuwa wa miaka arobaini.

"Shemeji, hapa tunazungumzia sarafu, si vijiko."

"Vijiko nimeviosha. Wewe sarafu zako umeshazijua?"

"Mimi nina taa inayoweza kukuonyesha kiroboto anachowaza."

"Na bila taa huoni kitu," alisema Hilda. "Niandike, Clive."

Nikamwandika. Hakuna kanuni iliyosema mtu wa chai hawezi, na niliitafuta, sitadanganya. Jioni ile Beryl, mke wangu, aliniuliza kama nina akili timamu, kwenda kutafuta kanuni ya kumzuia Hilda. Alikuwa amekutana na Hilda kwenye foleni ya bucha, wakazungumza. Hilda alimwambia hivi: "Nimesugua miaka thelathini na minane, Beryl, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hata siku moja, hii unaionaje? Nataka kuulizwa tu. Nikianguka nitarudi kwenye birika langu na sitalisema tena." Beryl aliniambia maneno hayo huku akinipakulia mbaazi na nyama ya nguruwe, na akanipakulia kidogo, kama adhabu.

Jumamosi yenyewe mvua ilikatika mchana, na mwanga ukaingia dirishani safi, usio mkali. Nilikuwa nimepata sarafu kumi na moja kwa wanachama, na ya kumi na mbili niliitoa mimi mwenyewe kwa kukosa nyingine. Ilikuwa nusu krauni ya mwaka 1902, yenye Mfalme Edward na kipara chake na ndevu zake, niliyoachiwa na babu kwenye kopo la tumbaku. Ilikuwa ya kijivu, imefifia, haina mng'ao hata wa kuomba. Mwaka 1971 nilimpelekea Mzee Bayliss, akasema kawaida. Kwa hiyo kwenye orodha nikaandika kawaida, nikaifunga kwenye bahasha.

Royston alikaa wa kwanza, na Hilda akasubiri jikoni mlango umefungwa. Royston alikunja mikono ya shati, akatupigia soga la mkaguzi wa mabasi na mbuzi asiye na tiketi, na kwa dakika kumi alikuwa amemaliza. Alifanya vizuri, lazima niseme. Lakini peni moja ya mwaka 1953, nyekundu na inayong'aa kama imetoka kuoshwa sasa hivi, aliigeuza mara moja tu akaiweka kushoto kwa madaha. Ile ya babu yangu aliitupa kulia bila hata kuinyanyua vizuri.

Nikaandika majibu yake, nikazichanganya sarafu upya, nikamwita Hilda. Alikuja akikausha mikono kwa aproni. Hakukaa kama Royston alivyokaa, uso dirishani. Aligeuza kiti upande ili mwanga umjie begani. Kila sarafu aliishika ubavuni kwa vidole viwili, akaanza kwa kuangalia ukingo, ndipo akaiinamisha polepole huku na huku. Alikuwa anazisemesha kwa sauti ya chini, na ninadhani hakujua kwamba tunamsikia. Moja akaiambia, "Wewe walikukimbiza, mwanangu," akaiweka kulia. Nyingine akaitazama kwa muda akasema, "Huyu alikuwa na mkono mwepesi," na sisi hatukuelewa anamsema nani, mpaka nilipotambua kwamba anamsema mwanamke aliyeusugua muhuri. Ilipofika zamu ya ile peni ya kung'aa, alicheka. "Mrembo, lakini hamna kitu," akaiweka kulia.

Kisha akaishika nusu krauni yangu. Aliutazama ukingo. Aliiinamisha. Akainuka kitini, akaenda nayo mpaka kwenye kioo cha dirisha, akaiinamisha tena. Nilitamani kumwambia asijisumbue, mama, hiyo ni takataka ya kopo la babu. Alirudi, akakaa, akaiweka kushoto, na kidole chake kikachelewa kidogo kuiachia.

Royston hakuweza kujizuia. "Shemeji, hiyo ya kijivu? Hiyo hata mashine ya sigara ingeitema."

Hilda alimaliza zilizobaki na kuweka mikono mapajani.

Nilifungua bahasha mbele ya watu wote nikasoma. Royston, kumi na moja sawa, moja makosa, na kosa lake ni ile peni. Hilda, kumi na moja sawa, moja makosa, na kosa lake ni nusu krauni ya katibu. Wote wameanguka. Royston alijipiga paja akasema sare ni sare, akamnyooshea Hilda mkono kwa moyo mweupe kabisa, na watu wa kamati wakaanza kunong'onezana kwa namna iliyonionyesha kwamba uteuzi umeshafanyika. Mtu mmoja nyuma akauliza kama maji yamechemka.

Hilda alikuwa bado amekaa. "Clive," alisema, "nani alikuambia hii ni kawaida?"

"Mzee Bayliss," nilisema. "Mwaka sabini na moja."

Watu waliacha kunong'ona. Katika klabu yetu hakuna aliyewahi kusimama akasema Mzee Bayliss amekosea. Hata kumfikiria hivyo tulikuwa tunafikiria tukiwa nyumbani. Na yeye mwenyewe alikuwa palepale kwenye kiti chake, mikono juu ya fimbo.

"Hii ni prufu," alisema Hilda.

Royston alisema orodha ni orodha, shemeji, na hapo utani ulikuwa umemwisha kidogo. Prufu gani isiyong'aa? Hilda alimgeukia. Alimwambia kwamba prufu si mng'ao, mng'ao ni njia moja tu. Alipoanza kazi, msimamizi wao alikuwa mzee aitwaye Josiah Danks, ambaye ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha sarafu cha London, mwaka ule mfalme huyu alipotawazwa. Danks alikuwa akiwasimulia wasichana wa chumba kile kwamba mwaka huo walichoka na vioo. Badala ya kuisugua, mihuri ya prufu waliipulizia mchanga mwembamba, na sarafu zikatoka zimefifia, laini, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Waliozipokea wengi walidhani zimechafuka, wakazisugua, wakaziharibu. Danks alikuwa nayo moja ambayo haikusuguliwa, na siku ya kustaafu kwake aliizungusha chumbani, kila msichana akaishika. Hilda alikuwa na miaka kumi na sita.

"Chukua ya kawaida yoyote uizungushe kwenye mwanga," alisema. "Mwanga unakimbia juu yake, unazunguka, kwa sababu madini yalisukumwa kwa haraka yakakimbilia nje. Hii izungushe. Mwanga umesimama. Ndevu zake zihesabu, unywele mmoja mmoja. Halafu pitisha ukucha ukingoni. Umekatwa kama kona ya meza. Mashine ya haraka haiwezi."

"Mimi sioni kinachong'aa," alisema Royston.

"Ndilo tatizo lako, shemeji. Hata lile gari ulilouziwa ulipenda rangi."

Watu walicheka, na Royston mwenyewe alicheka, maana gari lile tulilisukuma sote. Lakini kicheko kilipoisha, orodha ilikuwa bado mkononi mwangu, na kanuni ilikuwa bado kanuni. Watu walinitazama mimi. Nitasema ukweli wa nilichokiwaza. Niliwaza kwamba nikimtetea, watasema namtetea kwa sababu sarafu ni yangu. Niliwaza kwamba nikinyamaza, Royston atakuwa mwamuzi, chai itakuja, na maisha yataendelea kama kawaida. Halafu nikakumbuka siku ile ya mwaka 1976, na jinsi nilivyojiona mchekeshaji, na masikio yakaniwaka moto.

Nikasimama. Nilisema kwamba orodha ni yangu, na neno lile niliandika kwa kuwa niliambiwa. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa na ile sarafu nyumbani na sijawahi kuiangalia hata mara moja kwa macho yangu mwenyewe. Nikasema naomba mzee aitazame tena. Niliposema "tena" mzee mmoja wa kamati alikohoa.

Mzee Bayliss aliegemea fimbo, akainuka. Ukumbi mzima tulimtazama akivuka kutoka kitini mpaka kwenye kitambaa, hatua kwa hatua. Akaichukua sarafu kwa ubavu, akaenda nayo dirishani. Tulingoja atamke neno moja, kama alivyozoea. Badala yake aligeuza kichwa.

"Niangalie wapi, Hilda?"

Hilda aliinuka akaenda kusimama kando yake, kichwa chake kikifika kwenye kiwiko cha mzee. "Usiangalie uso kwanza," alimwambia kwa upole. "Anza ukingoni. Iinamishe kidogo tu. Hapo. Sasa izungushe."

Mzee aliizungusha. Akaizungusha tena. Nje mashua ya mizigo ilipita mferejini, injini yake ikasikika mpaka ikaisha.

"Mwaka ule," alisema Mzee Bayliss, na alikuwa anatuambia sote, "huyu Clive aliniletea sarafu hii zikiwa zimebaki dakika chache mechi ianze. Niliishika muda wa kuwasha kiberiti. Haikung'aa, nikasema kawaida." Alinyoosha mkono. "Nipe kalamu na orodha yako."

Alilikata neno langu kwa mstari mmoja, akaandika "prufu" juu yake, akatia sahihi na tarehe, kama fundi saa anavyotia alama ndani ya saa aliyoitengeneza. Hilda akawa na kumi na mbili. Royston akashuka kumi. Alipiga hesabu kwa vidole, akasema katika maisha yake yote hajawahi kuporomoka hivyo bila hata kuinuka kwenye kiti, na yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi. Sisi wengine tukafuata. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma.

"Sasa chai nani atachemsha?" aliuliza Royston makofi yalipotulia.

"Wewe," alisema Hilda. "Swichi iko ukutani, shemeji, na haihitaji taa."

Royston akaenda jikoni kweli, na tukasikia vikombe vikigongana kwa namna ya kutisha. Hilda alikisogelea kile kiti cha mikono. Hakukaa. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa kiti, na hapo ndipo machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Alisema, "Mniwie radhi, nina wazimu leo," akajifuta na aproni. Nilitaka kumwomba msamaha wa miaka saba. Nikasema, "Hongera, mama," kwa sababu ndilo neno lililonijia.

Mzee Bayliss alikuwa bado amesimama dirishani na sarafu yangu kiganjani. Nilidhani anaifurahia. Nilipomkaribia kuichukua, niliuona uso wake, na furaha yangu ikapungua.

"Na zile nyingine, Hilda?" aliuliza.

"Zipi, mzee?"

"Zile nyingine. Miaka ishirini na miwili. Watu wangapi niliwaambia kawaida wakaenda wakazitumia, wakawapa watoto wakachezea?" Alitutazama mmoja mmoja, wazee wenzake aliowahukumia sarafu zao, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. "Nimekosea ngapi?"

Angeweza kumjibu vyovyote. Mtu aliyenyamazishwa kwa miaka ile yote alikuwa na haki ya kumjibu vyovyote, na mimi nisingemlaumu. Hilda alimshika mzee kwenye mkono wa koti.

"Sijui ngapi," alisema. "Waambie wazilete. Jumamosi ijayo, na inayofuata. Zilizobaki tutaziangalia, mimi na wewe."

"Wewe ndiye mwamuzi. Mimi nimemaliza."

"Mimi niliharibu mihuri kumi na mmoja kabla mkono wangu haujakaa sawa, mzee. Kumi na mmoja. Hakuna aliyeniambia nitoke chumbani." Alimwachia mkono, akaenda kwenye kile kiti, na safari hii akakaa. Alikuwa mfupi mno kwa kiti kile, ikabidi ajisogeze mbele. "Vuta kigoda, ukae hapa karibu na mwanga."

Mzee Bayliss alikivuta kigoda kutoka ukutani, yeye mwenyewe, akanikataza nisimsaidie, akakaa kando ya Hilda na kulaza fimbo sakafuni. Kisha akaniambia nimlete mtu wa kwanza, yeyote aliyekuja leo na sarafu ambayo yeye aliwahi kuihukumu.